Maji ya Uti wa Mgongo Yanasema Nini?

Hapa Rungwe hakuna sindano inayoogopwa kama ile ya mgongo. Ndugu hutuambia waziwazi: "Sista, mkimchoma hapo atapooza." Wengine humchukua mgonjwa wao wakaondoka naye mvuani. Hatuwalaumu. Walimwona jirani aliyepimwa akafariki, lakini mara nyingi kilichomwua ni kuchelewa kuletwa.

Kwa mtu mzima, uti wenyewe huishia sehemu ya juu ya kiuno. Sindano huingia chini yake, penye maji na nyuzi za mishipa ya fahamu zinazoelea. Maji hayo ni kama mililita 150, na kila siku mwili hutengeneza mengine yapatayo 500. Tunachukua kidogo tu. Kichwa chaweza kuuma siku chache, hilo hatulifichi.

Mara nyingi tunatafuta homa ya uti wa mgongo. Maji mazima huwa maangavu. Yakiwa kama yaliyooshewa mchele, dawa huanza papo hapo. Hata maangavu hupelekwa maabara, kwa kuwa fangasi wa kriptokokasi, anayewaandama wenye UKIMWI, haonekani kwa macho.

Upo pia ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi, adimu kwetu kuliko Ulaya ya kaskazini. Kinga ya mwili hushambulia ganda la mishipa ya fahamu. Mgonjwa, mara nyingi mwanamke wa miaka 20 hadi 40, huona ukungu jicho moja, hupata nafuu, kisha miguu hufa ganzi. Huku nyumbani wameshamtaja mchawi!

Hapo maji na damu hupimwa pamoja. Maabara kubwa hutenganisha protini kwa umeme, na kingamwili hujitokeza kama mistari. Mistari miwili au zaidi iliyomo katika maji lakini haimo katika damu huonyesha kwamba kingamwili zinatengenezwa ndani ya ubongo na uti. Wagonjwa zaidi ya 8 kati ya 10 wanayo. Ila kaswende na maambukizo mengine huweza kuileta pia, hivyo daktari huhitaji picha ya MRI na historia ya mgonjwa.

Picha na mistari hufuatwa kwa rufaa, mbali na Tukuyu. Historia mnayo ninyi. Mwelezeni daktari hata yaliyokwisha kupona: jicho la mwaka juzi, ganzi ya wakati ule wa kuvuna viazi, na ilidumu siku ngapi.