Haki ya mali ya wagonjwa wa akili nchini Kenya

Haki ya mali ya wagonjwa wa akili nchini Kenya ni haki ya mtu mwenye maradhi ya akili kupata, kumiliki na kurithi mali sawa na watu wengine. Ibara ya 40 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kumiliki mali. Ugonjwa haumwondolei mtu umiliki: shamba lililoandikishwa kwa jina lake hubaki lake hata akiwa amelazwa hospitalini.

Kinachoweza kupewa mtu mwingine ni usimamizi, tena kwa amri ya mahakama. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, iliyorekebishwa mwaka 2022, iliruhusu mahakama kumteua msimamizi wa mali ya mtu asiyeweza kuiendesha mwenyewe. Mke anayetaka kutoa fedha za mumewe benki ili alipie matibabu hapati mamlaka hayo kwa sababu ya ndoa pekee. Anahitaji amri hiyo.

Hata baada ya kuteuliwa, msimamizi hageuki kuwa mwenye mali. Kwa masharti ya sheria ya 1989, hawezi kuuza ardhi, kuitoa zawadi, kuiweka rehani wala kuikodisha kwa zaidi ya miaka 5 bila kibali maalumu cha mahakama. Alitakiwa pia kuwasilisha orodha ya mali na madeni katika miezi 6 ya mwanzo, kisha hesabu kila mwaka. Masharti hayo ni mazito.

Kuhusu wosia, Sheria ya Urithi (Sura ya 160) huchukulia kwamba aliyeuandika alikuwa na akili timamu. Anayedai vinginevyo ndiye anayepaswa kuthibitisha. Kinachoangaliwa ni hali ya mtu wakati wa kuandika, hivyo aliyewahi kuugua anaweza kuandika wosia halali akiwa na nafuu. Sheria hiyohiyo inautaja ulevi pamoja na ugonjwa.

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008. Ibara yake ya 12 inataja haki ya kurithi, kusimamia fedha zako na kupata mikopo. Mwaka 2014 kamati ya mkataba huo ilizitaka nchi ziache utaratibu wa kumwamulia mtu, badala yake zimsaidie aamue mwenyewe. Kwa mtazamo huo, mgonjwa huelezwa masharti ya mauzo au mkopo na mtu anayemwamini, lakini uamuzi na sahihi hubaki vyake.