Mlima, Jam na Gari ya Manuali: Hivi Ndivyo Hill Start Assist Inakuokoa na Ngori ya Kurudi Nyuma

Kuna vitu viwili vinaweza kumtoa dere jasho hata kwa baridi ya Julai: karao akikupungia mkono na hujui umekosea wapi, na jam ya mlima ukiwa na gari ya manuali. Ya karao tutaongea siku ingine. Leo ni ya mlima.

Chukua Valley Road, ukitoka tao ukipanda kuelekea Ngong Road. Jioni magari yanasonga hatua tano, yanasimama, yanasonga tena. Mbele yako kuna mathree. Nyuma yako kuna msee na ndai yake kubwa, amekukaribia hadi huoni taa zake za mbele kwa kioo. Halafu katikati yenu nduthi imejipenyeza, na abiria wake ni mama amebeba mtoto. Mathree inasonga. Unatoa mguu kwa breki uupeleke kwa mafuta. Hiyo sekunde moja ya mguu kuwa hewani ndiyo tunaongelea hapa.

Hebu tupige hesabu kidogo, haiumi. Kwa mlima wa asilimia 10, yaani ule unapanda mita 10 kila ukienda mita 100, gari ikikosa kitu cha kuishika inarudi karibu nusu mita kwa sekunde ya kwanza. Sasa sikiza hii: ikifika sekunde ya pili haijarudi mita moja, imerudi karibu mita mbili, juu kadri inavyorudi ndivyo inazidi kasi. Kwa jam ya Nairobi nani huwacha mita mbili nyuma yako? Hakuna. Hiyo nafasi ishachukuliwa na mtu wa nduthi, na mguu wake ndio uko karibu na bampa yako kuliko kitu kingine chochote.

Otomatiki hukuonea huruma kidogo, juu ukiachilia breki injini bado inasukuma gari mbele polepole. Manuali haina huruma. Klachi ikiwa chini, injini na tairi hazijuani kabisa. Una pedali tatu na miguu miwili, mguu wa kushoto uko kwa klachi, wa kulia unatakikana kwa breki na kwa mafuta wakati mmoja. Ndio maana walimu wa driving hufunza ile njia ya hendibreki: unaivuta, unaweka namba moja, unainua klachi hadi ishike, unaongeza mafuta kidogo, halafu unaishusha. Ni njia poa na haijazeeka. Shida ni ukiifanya mara thelathini kati ya Kenyatta Avenue na Ngong Road mkono unachoka, na ukichoka unaanza kuruka hatua.

Hapo ndipo hill start assist inaingia. Wengi huiita HSA tu. Kazi yake ni moja na ni ndogo: ukitoa mguu kwa breki ukiwa kwa mlima, inaendelea kushika breki kwa takriban sekunde mbili, ndio upate muda wa kuhamisha mguu. Basi. Haiendeshi gari, haikusaidii na klachi, na haikungoji ukijibu meseji.

Inafanya aje? Kawaida ukikanyaga breki unasukuma mafuta ya breki kwa mabomba hadi kwa magurudumu, na ukiinua mguu hayo mafuta yanarudi na presha inaisha. Gari yenye HSA iko na sensa inayopima vile gari imeinama, sensa za kila gurudumu za kusema kama limesimama kweli, na swichi kwa klachi na kwa breki. Kompyuta ikiona umesimama, pua iko juu, gia iko ndani na klachi iko chini, inafunga vali ndani ya pampu ya ABS. Presha inabaki imefungiwa huko hata kama mguu wako umetoka. Ikihisi injini imeanza kuvuta vya kutosha, inafungua zile vali polepole na gari inaondoka bila kurudi hata inchi. Usipoondoka, baada ya hizo sekunde mbili inafungua tu, iwe uko tayari au hauko.

Kuna kitu hapo madere wengi hawajui, na ndicho cha maana kuliko vyote: HSA inashikilia presha ile umeacha. Kwa gari nyingi haijiongezei nguvu yake yenyewe. Kama ulikuwa umegusa breki tu kidogo, inashika kidogo, na ukiwa na wasee watano ndani na mzigo kwa buti, gari inaweza kuanza kuteleza hata mfumo ukiwa unafanya kazi fiti. Kwa hivyo ukisimama mlimani, kanyaga breki vizuri, usiipapase.

Sasa kwa mguu iko hivi. Simama kabisa, na "kabisa" ni kabisa, si ile ya gari kutambaa. Klachi hadi chini, weka namba moja, mguu wa kulia ukiwa bado umekaza breki. Ukiona yule wa mbele ameanza kusonga, inua klachi polepole hadi ishike. Utajua imeshika bila kuambiwa: mngurumo wa injini unashuka kidogo, usukani unatetemeka, na boneti inajiinua kama mtu anataka kuamka. Simamisha mguu wa kushoto hapo hapo. Sasa toa wa kulia kwa breki uupeleke kwa mafuta, ongeza kidogo, halafu malizia kuinua klachi. Hizo sekunde mbili ni nyingi sana ukizitumia hivyo. Zinakuwa chache kama umeachilia breki kwanza ndio uanze kutafuta klachi inashika wapi, na hiyo ndiyo makosa ya kila mtu ambaye ameambiwa "hii gari hairudi nyuma."

Na gari ikizima? Itazima, usijali, hata wale wa matrela huzima. Mguu wa kulia unarudi kwa breki kabla hujagusa kitu kingine, kabla hata ya ufunguo. Injini ikiwa imezima bado breki zina nguvu ya kukanyaga mara mbili tatu kabla pedali haijakuwa ngumu, so kanyaga mara moja na ushikilie. Vuta hendibreki. Sasa pumua, washa, anza upya. Yule anakupigia honi nyuma hana haraka kuliko mguu wa yule mtu wa nduthi.

Usichanganye HSA na ndugu zake. Kuna ile inaitwa auto hold, ambayo iko na kitufe chake na hushika breki hadi ukanyage mafuta, hata kama ni dakika tatu kwa taa. Kuna ingine ya kuteremka, inayokushikia mwendo ukishuka mahali pabaya. HSA si hendibreki pia. Ukisimama mlimani ushushe abiria ama ununue mahindi choma, sekunde mbili zikiisha gari ni yako na Mungu wako. Na isitoshe, ukiwa umeweka fri, kwa gari nyingi haiingii kabisa.

Majina yenyewe yanachanganya watu. Toyota huandika hill-start assist control, Mazda huita hill launch assist, Volkswagen husema hill hold. Kazi ni ile ile. Hata wazo si jipya vile matangazo yanataka uamini. Studebaker wa Marekani walikuwa na kifaa cha kushikilia gari mlimani kwa modeli yao ya President mwaka wa 1936, bila kompyuta yoyote. Na wasee wa Subaru, hapa mnaweza kuringa kidogo: Subaru nyingi za manuali za kitambo zilikuwa na yao ya kimakanika. Ndani ya vali kulikuwa na mpira mdogo wa chuma. Gari ikiinua pua, huo mpira unabingirika nyuma na kuziba njia ya mafuta ya breki mradi klachi iko chini. Ukiinua klachi, kebo inafungua njia. Hakukuwa na sekunde mbili hapo, ilikushikia mpaka uinue klachi. Kebo ikilegea ama ikikazwa vibaya, ndio unaskia mtu analia eti Subaru yake inarudi nyuma ama breki zinang'ang'ana wakati anataka kuondoka, na fundi anatafuta shida kwa breki wakati iko kwa kebo.

Kilichofanya HSA isambae ni sheria za huko nje. Ule mfumo wa kuzuia gari isiteleze, wenye taa ya kigari na alama mbili za kupinda chini yake, ulilazimishwa kwa magari mapya Marekani kuanzia modeli za 2012, na Ulaya kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014. Gari ikishakuwa na huo mfumo, pampu, vali na sensa nyingi ziko tayari. Kuongeza HSA inabaki karibu kazi ya programu. Na kwa sababu Kenya hairuhusu gari ya mtumba iliyopita miaka 8, magari yanayotua bandarini siku hizi ni ya baada ya hizo sheria. Kwa hivyo kuna uwezekano mzuri ndai yako iko nayo na hujui.

Hujui kwa sababu kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani, kama hakikupotea Mombasa. Kwa hivyo jipimie. Tafuta mlima wa wastani mtaani asubuhi ya Jumapili, hakikisha nyuma hakuna mtu, hakuna gari, hakuna mtoto na baiskeli. Simama, kanyaga breki vizuri, klachi chini, namba moja. Toa mguu kwa breki huku klachi ikiwa bado chini, mguu ukae juu ya pedali ya breki bila kuigusa. Hesabu moja, mbili. Ikikaa kisha ianze kurudi, unayo. Ikirudi papo hapo, huna, ama mlima ni mdogo sana, ama kuna kitu kimekufa. Rudia kwa mlima mkali kidogo kabla uamue. Kisha geuza gari, pua iangalie chini, uweke riva ufanye hivyo hivyo, juu nyingi zinashika pia ukitaka kurudi nyuma ukipanda. Hiyo utaihitaji siku utaegesha kwa zile besimenti za tao.

Hapa ndipo naweka mkazo wangu. Kama taa ya ABS ama ile ya kigari kinachoteleza inawaka kwa dashibodi na haizimiki, chukulia hauna HSA, hata kama jana ilikuwepo. Inatumia pampu hiyo hiyo. Na ukienda kununua gari, washa ufunguo kabla ya kuwasha injini uangalie kama hizo taa zinawaka kwanza kisha zizime. Taa ambayo haiwaki kabisa ni mbaya kuliko inayokataa kuzima, juu inaweza kumaanisha mtu ameing'oa ama ameiziba ndio usiulize maswali. Muuzaji atakuambia ni balbu. Mwambie aiweke basi, kisha ndio muongee bei.

Kuna mahali hata ikiwa fiti haitakutoa. Inashika magurudumu, haishiki barabara. Kwa matope ya njia ya ushago, magurudumu yakiwa yamefungwa gari bado inaweza kuteleza nyuma nzima nzima kama sabuni. Watu wa Likoni nao wanajua ile rampu ya feri: wakati wa maji kupwa inakuwa kali kuliko wakati wa maji kujaa, na kawaida huwa imelowa. Hapo hendibreki inavutwa bila aibu, na unangoja wa mbele atoke juu kabisa ndio uanze.

Tabia ingine ya kuacha ni kushikilia gari mlimani kwa klachi, ile ya kuongeza mafuta kidogo ndio gari isimame hewani bila breki. Inakaa ujanja, na madere wa mathree huifanya wakipiga stori na konda. Lakini kila sekunde hapo ni klachi inajisugua, na ile harufu kama ya kamba inayoungua ni doo zako zinaenda. Tofauti ni kwamba klachi ya mathree si yake, ni ya mwenye gari.

Wale bado mnajifunza: leseni ya B1 ni ya otomatiki, manuali ni B2, na gari nyingi za driving school ni za zamani, hazina hii kitu. Jifunze hendibreki hadi uifanye ukiongea. Siku utapewa Probox ya uncle uende nayo Kisii, na iko manuali, na imebeba ndizi, hakuna kompyuta itakushikia hapo. Na ukifuatana na gari kwa mlima, simama mahali unaona tairi zake za nyuma zikigusa lami. Hujui kama yeye anayo.