Maniema: Kurudilia somo ao kuendelea na deni? Hesabu ngumu ya wanafunzi wa Kasongo na Kabambare

Kusini mwa jimbo la Maniema, kila mara matokeo ya mitihani yanapobandikwa ukutani, kuna wanafunzi wanaosoma jina lao mara mbili. Hawakuanguka kabisa, lakini hawakupita vizuri. Mmoja ana 8 juu ya 20 katika somo moja. Mwingine anadaiwa masomo matatu. Wa tatu amepita yote, lakini alama zake ni za chini na anaogopa hazitamfikisha mbali. Wote wana swali moja: nirudilie ao niendelee hivi hivi?

Kwa kijana aliyetoka Kabambare kuja Kasongo, kwenye Chuo Kikuu cha Kasongo ao ISP, swali hilo haliishii darasani. Ndani yake kuna feza ya minervali, kodi ya chumba, magunia ya mpunga ambayo wazazi watauza, na safari ya pikipiki katika njia ambayo mvua inaiharibu kila mwaka. Kuna pia machimbo ya zahabu ya Salamabila, ambayo yanamwita kila kijana anayechoka na masomo. Kwa msichana, mwaka mmoja wa kuongeza unaweza kutosha ili jamaa waanze kusema kwamba wakati wa kuolewa umefika.

Ndiyo maana ni vizuri kupiga hesabu kabla ya kuamua.

Kanuni zilibadilika

Wazazi wengi wanajua masomo ya zamani: graduat miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Alama zilihesabiwa kwa asilimia, kulikuwa sesioni ya kwanza na ya pili, na aliyeanguka zote mbili alirudilia mwaka.

Sheria n° 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya elimu ya taifa ilifungua mlango wa mfumo wa LMD, na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 serikali iliueneza katika vyuo vya nchi. Sasa lisansi ni miaka 3 yenye kredi 180, ni kusema kredi 60 kwa mwaka na 30 kwa semestri.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, kredi uliyokwisha kupata haipotei, ni yako hata ukibadilisha chuo. Pili, aliyepata angalau kredi 45 kati ya 60 anaweza kupanda mwaka unaofuata huku akibeba deni la masomo yaliyobaki. Chini ya hapo, anarudilia.

Kwa hiyo, mwenye 11 juu ya 20 anayetamani 14, kwa kawaida hana mlango wa kurudilia. Somo limekwisha kupitishwa. Nguvu zake ziende kwenye semestri inayokuja, maana pale alama bado hazijaandikwa.

Angalia uzito wa somo

Mwenye somo aliloanguka ndiye ana uamuzi mbele yake. Na masomo hayana uzito sawa.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi ana 8 katika somo la kredi 2, na 8 katika somo la kredi 6. Akirudilia la kwanza na kupata 12, wastani wake wa mwaka unapanda kwa 0,13 tu juu ya 20. Akipata 12 katika la pili, unapanda kwa 0,4. Kazi ya usiku inaweza kuwa ileile, lakini faida ni mara tatu. Asiye na muda wa kutayarisha yote mawili vizuri aanze na lile la kredi 6.

Ajiulize pia anataka alama za nini. Anayeota kuwa asistanti katika chuo ana sababu ya kuhangaikia wastani, maana nafasi hizo zinatafuta wenye daraja la distinksioni. Anayetaka kufundisha sekondari kwao Kabambare ataulizwa kwanza diploma. Kwa huyo, kumaliza kwa wakati kunaweza kuwa na maana zaidi kuliko kuongeza pointi mbili.

Deni lina hatari yake

Kupanda na deni kunafurahisha nyumbani, lakini deni la somo ni kama deni la duka: lisipolipwa mapema linakukuta siku mbaya. Katika vyuo vya mbali na miji mikubwa, masomo mengi yanafundishwa na maprofesa wageni. Profesa anafika, anafundisha asubuhi na jioni kwa majuma machache, anafanyisha mtihani, anarudi. Kama somo unalodaiwa ni lake, unategemea safari yake. Asipofika mwaka huo, unangoja. Akifika wakati uko katika masomo ya mwaka wako mpya, unakimbilia pande mbili.

Kwa hiyo, mwenye nafasi ya sesioni ya pili asiidharau eti ataendelea na deni. Majuma machache ya kubaki Kasongo na kusoma yanagharimu chakula na kodi, lakini yanaweza kuokoa mwaka. Na kabla ya kuingia mtihani, aulize ofisi ya chuo: alama mpya inafuta ya zamani, ao inabaki ile iliyo ya juu? Jibu hilo linaweza kubadilisha uamuzi.

Mwenye madeni mengi sana naye asiogope neno kurudilia. Aliyepata kredi 46 na hakuelewa msingi wa masomo yake atabeba mzigo huo mpaka mwaka wa mwisho. Azungumze na walimu wake na wazazi wake mapema, kabla feza ya mwaka mpya haijalipwa.

Kwanza hakikisha alama

Kabla ya yote, angalia kama alama zilijumlishwa vizuri. Makosa ya hesabu na kopi kupotea vinatokea. Mwanafunzi ana haki ya kupeleka malalamiko kwa maandishi kwa juri, katika siku chache zinazotangazwa baada ya matokeo. Zikipita, mlango unafungwa. Abakize nakala ya barua yake.

Na kuna njia moja ambayo si kurudilia: kununua alama kwa feza ao kwa mwili. Wanafunzi wanaiita kwa utani, lakini si mchezo. Sheria n° 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inaadhibu unyanyasaji wa kingono, hata ukifanywa na mwenye mamlaka juu ya mwanafunzi. Msichana anayeambiwa kwamba somo lake litapita akikubali kukutana na mtu pembeni hana kosa. Atafute mtu mzima anayemwamini, na ahifadhi ujumbe wote wa simu.

Kwa mzazi aliye Kabambare, ombi ni dogo. Mtoto akipiga simu kusema anabaki Kasongo kwa sesioni ya pili, usiulize kwanza sababu gani alianguka. Uliza ni masomo gani, kila moja lina kredi ngapi, na profesa atarudi lini. Ukipata majibu hayo matatu, mnaweza kuamua pamoja kama mpunga uuzwe sasa ao ungoje.