Kikwembe, barafu au frigo: kupoza divai Kolwezi

Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, haimsumbui mtu kwa joto: siku moja au mbili imechachuka, imenywewa, imekwisha. Divai ya nanasi ni habari nyingine. Inatokota wiki nzima ndani ya bidoni, na joto lake la kwanza halitoki kwenye bati la nyumba, linatoka ndani yake yenyewe.

Chukua bidoni ya lita 20 yenye sukari kilo 4 na nusu hivi, ya tunda pamoja na uliyoongeza. Hamira ikiimaliza yote, joto lake lingetosha kuipandisha bidoni digrii karibu 30 kama lingekosa pa kutokea. Kawaida linatoroka polepole kupitia plastiki. Mwezi wa kumi, chumba nacho kikiwa na digrii 30, halitoroki vya kutosha. Divai ya matunda inapenda kati ya 15 na 22. Ikipita 30 harufu ya nanasi inaruka, na kuelekea 35 hamira inalegea na sukari inabaki bila kuliwa.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye kipimajoto cha jikoni. Kile cha homa hakifai, kinaanzia 35, yaani kinakupa habari za msiba baada ya maziko.

Baada ya hapo, kikwembe cha zamani. Weka bidoni ndani ya beseni la maji, ifunge kikwembe ambacho pindo lake linagusa maji, iache kivulini penye upepo. Lita moja ya maji ikikauka inabeba joto sawa na la uchachukaji mzima wa bidoni hiyo. Sehemu ya joto hilo inatoka hewani, si kwenye divai, kwa hiyo joto la divai halishuki kwa kadiri hiyo. Hata hivyo kwa bei ya maji hakuna kinachoshindana na kikwembe. Kasoro yake ni msimu: mwezi wa nane hadi wa kumi hewa ni kavu na kinafanya kazi vizuri, mvua zikishaanza, kikwembe kinabaki kimelowa tu.

Hapo ndipo barafu inapoingia, na bahati mbaya ndipo maembe ya divai yanapoiva. Kilo 2 zinashusha lita 20 kutoka digrii 30 hadi 20. Halafu hesabu kilo moja kwa siku kwa joto la hamira, na nyingine kwa joto la chumba. Chupa za maji yaliyogandishwa za lita moja na nusu zinatosha, usizijaze hadi juu, ziwekwe kwenye beseni, kamwe zisiingie ndani ya divai. Kama unanunua barafu kwa jirani, zidisha bei ya chupa mbili kwa siku saba kabla hujakata nanasi la kwanza.

Na frigo yenye kidhibiti joto? Ni safi kuliko zote, na mimi singeinunua. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga imefika Kolwezi tangu 1982, kilomita 1,700 hivi. Mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke yako hapa hapa kwenye mto Lualaba. Lakini migodi ina kiu kubwa ya umeme huo, na nyumbani umeme wa shirika la SNEL unakatika. Zaidi ya hayo, frigo iliyowekwa kwenye 18 haigandishi kitu wala haitunzi nyama. Mwenye frigo ya kuuzia vinywaji aiache igandishe chupa: italisha bidoni tatu badala ya kuficha moja.

Mwezi wa sita na wa saba geuza kila kitu. Usiku wa hapa, mita zaidi ya 1,400 juu ya bahari, unaweza kusimamisha hamira. Anza na maji ya uvuguvugu, funika bidoni kwa blanketi, joto la uchachukaji litaitunza. Mbabula ya makala ibaki nje: katika chumba kilichofungwa moshi wake usioonekana unaua watu usingizini.