Dawa mseto kwa wagonjwa wa demensia: matumaini ya kweli na mipaka yake

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na demensia, yaani hali ya kupungukiwa na kumbukumbu, uwezo wa kufikiri na uwezo wa kujihudumia kutokana na magonjwa yanayoharibu ubongo. Zaidi ya asilimia 60 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ndugu wapendwa, wengi wetu tunamfahamu mzee aliyesahau njia ya kwenda kanisani, au mama anayewaita wajukuu kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufariki dunia. Familia hizo hujiuliza: je, ipo dawa? Dawa ya kuponya bado haijapatikana. Hata hivyo, sehemu ya utafiti inaelekea kwenye dawa mseto, nasi tunapaswa kuelewa maana yake, ili tusikate tamaa wala tusidanganywe.

Neno dawa mseto si geni kwetu. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza malaria itibiwe kwa dawa mseto, na kifua kikuu na virusi vya UKIMWI navyo hutibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja. Katika magonjwa hayo, sababu kubwa ni kuzuia vimelea visijenge usugu. Kwa demensia sababu ni tofauti, kwa maana dawa zake hazilengi kimelea. Ubongo huharibika kwa njia nyingi kwa wakati mmoja, na anayeziba tundu moja la paa lililotoboka mahali pengi bado atalowa.

Mwaka 1906 daktari Mjerumani Alois Alzheimer alieleza aliyoyaona katika ubongo wa mwanamke aliyefariki akiwa na umri wa miaka 55: mabonge yaliyoganda nje ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Leo tunajua kwamba mabonge hayo ni ya protini iitwayo amiloidi, na nyuzi hizo ni za protini iitwayo tau. Ugonjwa uliopewa jina la daktari huyo ndio unaosababisha demensia kwa watu wengi zaidi. Aidha, wazee wengi huwa na mishipa ya damu iliyoathirika ndani ya ubongo, na kinga ya mwili nayo huweza kuongeza uharibifu. Ndiyo maana dawa inayogusa jambo moja tu huleta nafuu ndogo.

Mseto wa kwanza uliothibitishwa ni wa dawa mbili za kupunguza dalili. Donepezili huzuia kuvunjwavunjwa kwa asetilikolini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupashana habari. Memantini hudhibiti athari za kemikali nyingine, glutamati, inapozidi kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulihusisha wagonjwa 404 waliokuwa tayari wakitumia donepezili. Baadhi yao waliongezewa memantini na wengine kidonge kisicho na dawa, kwa muda wa majuma 24. Walioongezewa memantini walikuwa na hali bora zaidi katika kumbukumbu na katika shughuli za kila siku. Mwaka 2014 Marekani iliidhinisha kidonge kimoja chenye dawa zote mbili. Hata hivyo, mseto huo hauuzuii ugonjwa kuendelea.

Hatua ya pili ni kuugusa ugonjwa wenyewe. Lekanemabu, dawa ya aina ya kingamwili inayoondoa amiloidi, ilijaribiwa kwa watu 1,795 waliokuwa katika hatua za mwanzo. Baada ya miezi 18, kuporomoka kwa uwezo wao kulikuwa kumepungua kwa asilimia 27 kuliko kwa wale ambao hawakuipata. Mwaka 2023 Marekani iliipa idhini kamili. Lakini iliidhinishwa kwanza kutolewa kwa dripu, huhitaji vipimo vya picha za ubongo, na huweza kusababisha uvimbe au kuvuja damu ndani ya ubongo. Tena, hairudishi kilichokwisha kupotea. Kwa sababu hiyo, utafiti unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis unaijaribu pamoja na kingamwili nyingine inayolenga tau, kwa watu wa familia zinazorithi ugonjwa huu.

Kazi hiyo haiwezi kuharakishwa. Dawa mbili ambazo kila moja ni salama peke yake zinaweza kudhuru zikichanganywa, hasa kwa mzee ambaye tayari anameza dawa za shinikizo la damu au kisukari. Ugonjwa wenyewe huenda polepole, hivyo majaribio huchukua miaka. Lipo pia suala la haki: mgonjwa aliyepungukiwa na uwezo wa kuelewa asigeuzwe chombo cha majaribio. Ridhaa yake itafutwe angali anaelewa, na baadaye wanaomwakilisha watangulize mema yake. Kadhalika ni wajibu kuuliza kama tiba hizi ghali zitawafikia maskini.

Wakati tukisubiri, yapo tunayoweza kuyafanya. Kwanza, tumpeleke mzee hospitalini mapema, kwani sonona, upungufu wa vitamini B12 au hitilafu ya tezi ya shingo huweza kufanana na demensia, navyo vinatibika. Pili, tusijitengenezee mseto nyumbani. Baadhi ya dawa za usingizi na za mzio huvuruga kumbukumbu na hata kupingana na donepezili, kwa hiyo daktari aonyeshwe kila anachotumia mgonjwa, zikiwemo dawa za miti shamba. Tatu, tudhibiti shinikizo la damu na kisukari tangu umri wa kati, tuache sigara, na tutibu matatizo ya kusikia. Nne, tukatae kabisa kumhusisha na uchawi mzee anayetangatanga usiku au kuzungumza peke yake: huyo ni mgonjwa.

Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya tatu, kinamwagiza mwana amvumilie baba yake hata akili zinapompungua. Agizo hilo halisubiri dawa igunduliwe. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinaweza kupanga zamu za kukaa na mgonjwa, ili binti au mkwe anayemhudumia usiku na mchana apate kupumzika, kwenda sokoni, na kushiriki Misa Takatifu. Tuanze juma hili kwa kuulizana ni nani katika jumuiya yetu anayeubeba mzigo huu peke yake.