Upupu na Seli Zinazokufa Ubongoni

Upupu, ambao kitaalamu huitwa Mucuna pruriens, ni mmea wa jamii ya kunde unaotambaa juu ya vichaka na kuzaa maganda yaliyofunikwa na vinyweleo vya rangi ya kahawia, na sifa yake kuu miongoni mwa Waswahili ni muwasho unaomfanya aliyeguswa ajikune mpaka ngozi ichubuke. Ni wachache wanaofahamu kwamba ndani ya ganda hilohilo mna mbegu zenye levodopa, kemikali ambayo wanakemia wa India waliitenga katika mbegu hizo mwaka 1937, na ambayo tangu miaka ya 1960 imekuwa dawa kuu ya ugonjwa wa Parkinson, yaani ugonjwa ambao humletea mtu, hasa mzee, kutetemeka kwa mkono, kukakamaa kwa viungo na mwendo wa kujikokota.

Muwasho wenyewe unastahili kuelezwa kwanza. Vinyweleo vya upupu hubeba mukunaini, kimeng'enya kinachokata protini nyingine kwa kutumia sisteini, ambayo ni amino asidi yenye salfa. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba kimeng'enya hicho hukata ncha za vipokezi fulani vya mwilini, navyo vikaamsha hisia ya kuwashwa. La ajabu ni kwamba kila seli ya binadamu hubeba wembe wa namna hiyohiyo, uitwao kaspesi, ambao nao hukata protini kwa sisteini, ingawa hauna udugu wa ukoo na ule wa upupu, na ambao hukaa umelala mpaka seli ipewe amri ya kufa.

Seli zinazokufa katika ugonjwa wa Parkinson zimo katika ubongo wa kati, kwenye kipande chenye weusi unaoonekana kwa macho, na kazi yao ni kutengeneza dopamini, ujumbe wa kikemikali unaouwezesha mwili kuanza na kuratibu mwendo. Kwa kuwa kila moja ina matawi mengi mno ya kuhudumia, seli hizo hutegemea sana mitokondria, yaani vinu vidogo vya ndani ya seli vinavyozalisha nishati. Vinu hivyo vikidhoofika, au protini iitwayo alfa-sinukleini ikikunjika vibaya na kurundikana, vimeng'enya vya kupitisha ishara za hatari huamshana kimoja baada ya kingine, utando wa mitokondria hutoboka, na protini ndogo iitwayo sitokromu c, ambayo siku zote ilikuwa mtumishi mwaminifu wa uzalishaji wa nishati, huvuja na kugeuka kuwa mjumbe wa mauti, maana ndiyo inayoziamsha kaspesi. Seli hujikatakata kwa utaratibu, ikafungika vipandevipande na kumezwa na jirani zake. Kifo hiki cha kujiua kwa mpango huitwa apoptosisi. Si njia pekee ambayo seli hizo hufa, lakini ndiyo iliyowapa watafiti matumaini makubwa, kwa sababu amri inayopita mikono mingi huonekana rahisi kukatizwa njiani.

Matumaini hayo yalijaribiwa Marekani na Kanada kwa dawa iliyopewa jina CEP-1347, iliyozuia vimeng'enya vya mwanzoni mwa mnyororo huo na ambayo ilikuwa imezilinda seli vizuri maabarani. Jaribio la wagonjwa 806 lilisimamishwa mwaka 2005 baada ya kubainika kwamba haikupunguza kasi ya ugonjwa. Inawezekana kabisa kwamba dawa ilichelewa, kwani mkono unapoanza kutetemeka seli nyingi zimekwisha kufa. Levodopa, iwe ya kidonge au ya upupu, haigusi mnyororo huo: huingia ubongoni, ikageuzwa kuwa dopamini na kuziba pengo lililoachwa na seli zilizokufa, huku vifo vikiendelea.

Lakini ili mgonjwa apewe dawa, lazima kwanza ajulikane. Katika Wilaya ya Hai, Tanzania, watafiti, miongoni mwao Catherine Dotchin na Richard Walker, waliwatafuta wagonjwa wa Parkinson nyumba kwa nyumba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba katika watu wapatao 161,000 walipatikana wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa ugonjwa wao ni upi. Jambo hilo linatosha kumtia mashaka yeyote anayedhani kwamba mzee anayetetemeka mkono amezeeka tu.

Kwa wasiomudu vidonge, upupu ulijaribiwa Bolivia na Roberto Cilia na wenzake, waliowapa wagonjwa 18 unga wa mbegu zilizokaangwa, na dozi moja ilirudisha mwendo kwa kiwango kisicho chini ya kile cha kidonge. Hata hivyo, katika jaribio la wiki 16 lililofuata, nusu ya wagonjwa 14 waliuacha unga huo, baadhi yao kwa kusumbuliwa na tumbo, wengine kwa kuona mwendo wao ukizidi kuharibika.