Dohani na Unyevu wa Ziwa: Ukaguzi wa Njia za Moshi katika Nyumba za Kisumu

Utangulizi

Neno dohani limetoholewa kutoka Kiarabu, lugha ambayo ndani yake asili ya neno hilo humaanisha moshi. Katika Kiswahili limehusishwa na bomba la kutolea moshi la meli, kiwanda au nyumba. Neno chemni, lenye asili ya Kiingereza na ambalo lingetarajiwa kubeba maana hiyohiyo, liliishia kuwa kioo cha taa ya mafuta. Kisumu, magari ya moshi yaliyofika ufuoni mwaka 1901, pamoja na meli za moshi zilizohudumu katika Ziwa Viktoria, yaliwazoesha wakazi kuona dohani. Mafundi wa reli na bandari walizikagua dohani hizo kwa kuwa chombo kisichopumua hakiendi. Jikoni, hata hivyo, juu ya mafiga ambayo Wajaluo huyaita kendo, moshi uliachwa ujitafutie njia.

Makala haya yanaeleza namna dohani ya nyumbani ifanyavyo kazi, jinsi unyevu wa ziwa unavyoiharibu, na mambo yanayopaswa kuangaliwa wakati wa kuikagua.

Uzito wa suala lenyewe

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya umri wa miaka mitano. Nimonia ya watoto na maradhi sugu ya mapafu ni miongoni mwa madhara yake. Anayeathirika zaidi ni mama apikaye, na mtoto aliyebebwa mgongoni huivuta hewa ileile. Katika mtaa wa Obunga, ambako wanawake hukaanga mifupa ya mbuta, maarufu kama mgongo wazi, moshi wa kuni ni sehemu ya kazi ya kila siku.

Juhudi za kupambana na hali hii si ngeni. Shirika la ITDG, ambalo tangu mwaka 2005 huitwa Practical Action, lilishirikiana na familia za Kajiado, magharibi mwa Kenya na Kisumu katika kutafuta njia za kupunguza moshi. Njia mojawapo ilikuwa kinga ya bati iwekwayo juu ya jiko ili kuukusanya moshi na kuuelekeza kwenye bomba linalopenya paa. Jiko la Upesi, ambalo kiini chake ni cha udongo uliochomwa, nalo lilienezwa. Tofauti ya vitu hivi viwili ni muhimu: jiko bora hupunguza kuni na moshi, ilhali dohani huutoa nje moshi uliosalia. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Unyevu unavyoiharibu dohani

Dohani hutegemea kanuni moja: hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa baridi, hivyo hupanda na kuvuta nyingine nyuma yake. Bomba likipoa, mvuto hupungua. Kuni mbichi au zilizonyeshewa hutoa mvuke mwingi, na mvuke huo ukigusa bati lililopoa juu ya paa hugeuka kuwa maji. Maji hayo huchanganyika na masizi na kuwa utomvu mweusi wenye asidi, unaoganda na kulila bati kutoka ndani. Kwa nje, mvua za masika, kati ya Machi na Mei, na za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, huleta kutu. Kwa hiyo bomba laweza kuonekana zima kwa mtazamaji aliye uani, kumbe limebaki ganda tu.

Upepo nao una sehemu yake. Mchana huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na usiku huelekea ziwani. Dohani fupi kuliko kilele cha paa hukumbwa na upepo unaoporomoka, na moshi hurudishwa jikoni.

Hatua za ukaguzi

Inafaa ukaguzi ufanywe angalau mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, jiko likiwa limepoa kabisa.

Kwanza, nje: kifuniko cha mvua kiwepo, mdomo usizibwe na kiota cha ndege au mzinga wa nyuki, na bomba lizidi kilele cha paa. Pili, palipopenywa paa: pasivuje, na kama paa ni la nyasi, bomba lisiliguse, kwa kuwa masizi yaliyoganda yaweza kushika moto. Tatu, ndani: bomba ligongwe polepole, mlio hafifu au vumbi la kutu huashiria bati lililoliwa. Masizi yasuguliwe kwa brashi yenye mpini mrefu. Nne, mvuto: karatasi ikiwashwa mdomoni mwa jiko, moshi wake uelekee juu. Ukirudi chumbani, dohani imeziba au imepoa mno.

Dohani iliyoziba ni hatari kuliko kutokuwa na dohani, kwa sababu mwenye nyumba huwa amekwisha kuyaziba matundu ya ukutani akiitegemea. Hapo hujikusanya hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu usingizini.

Wapo wasemao kwamba moshi hufukuza wadudu na kuhifadhi nyasi za paa. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini nyasi huezekwa upya, mapafu hayaezekwi.

Hitimisho

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii yafaa kwa bomba la bati kama ifaavyo kwa ukuta. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, sambamba na Kiingereza. Wajibu unaofuata ni wa wanafunzi na wahadhiri wake: kuhakikisha kwamba mhudumu wa afya anayeingia jikoni Obunga au Dunga ana maneno ya kumweleza mama, kwa ufasaha na bila kutafsiri kichwani, mahali moshi unapokwama na sababu ya kukwama kwake.